Kilo za Kithaka

Orodha ilibandikwa ukutani saa nne asubuhi, siku ya tatu ya kozi ya Agosti, na walimu wa nasari wakaikimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama. Nelius hakukimbia. Moyo wake ulikuwa umetulia. Shule yake ya Kathitu ilikuwa kule chini ya Kiritiri, ambako mwaka huo wa 1984 mvua ya Machi ilinyesha siku nne ikaaga, na mbaazi zikakauka zikiwa na kimo cha goti. Kathitu ikikosa uji, basi hakuna shule itakayopata.

Kathitu ilikuwa imekosa.

Aliisoma orodha kwa kidole, kama mtoto. Upande wa kushoto zilikuwa shule nane zitakazopewa unga. Upande wa kulia zilikuwa shule nane za kulinganisha, na ya tatu kutoka juu ilikuwa yake. Mbele yake pameandikwa themanini na sita.

"Heri nyinyi," akasema Rwamba, mwalimu mwanamume pekee katika kozi ile, akiwa amesimama nyuma ya bega lake. "Sisi tuna sabini na nne. Hebu tuambie, mnawalisha nini watoto kule Mbeere? Mawe?"

Watu wakacheka. Nelius naye akacheka, kwa kuwa meno yalikuwa yameshatoka nje na hakujua namna ya kuyarudisha.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka. Kituo kile cha mafunzo mjini Embu kilikuwa kimechagua shule kumi na sita. Mwezi wa Julai watoto wote walipimwa uzito, uzito wa kila mmoja ukalinganishwa na ule unaotakiwa kwa umri wake, kisha ukatafutwa wastani wa shule. Shule zilizoanguka chini ya themanini kwa mia zingepata uji kila asubuhi. Zilizobaki zingepimwa tu bila kulishwa, ili mwisho wa mwaka ijulikane uji umeongeza nini katika mwili wa mtoto na katika kujifunza kwake. Nelius alikuwa ameyanakili hayo yote kwa furaha. Alikuwa ameishia kidato cha nne, na hakuwahi kudhani kuna wasomi wanaokaa chini na kuulizana mtoto mdogo hujifunza vipi. Kijijini walimwita mwalimu wa kupangusa makamasi. Hapa Embu aliambiwa kwamba naye ni mtafiti.

Siri ya ile themanini na sita aliijua vizuri. Aliipika mwenyewe.

Wiki mbili kabla ya kupimwa aliwaambia wazazi mkutanoni, "Wageni wa Embu wanakuja kuwaangalia watoto. Waleteni wakiwa nadhifu. Msituaibishe." Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Kwao mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Nyumba inaweza kulala njaa wiki nzima, lakini mgeni akibisha atachinjiwa kuku, na ataondoka akiamini kuwa pale kuku huliwa kila siku. Mtoto akipelekwa mbele ya wageni hupelekwa hivyo hivyo. Akina mama wakashusha vibuyu vya mbegu za mawele na kuzisaga. Mzee Mbaka, mwenyekiti wa kamati ya shule, akachinja beberu wake wa mwisho. Kwa siku kumi na nne watoto wa Kathitu walikula kama wako arusini, na asubuhi ya kupimwa wakaja wamepakwa mafuta hadi visigino, matumbo yamejaa uji na maji, sweta juu ya sweta, viatu vya kuazima.

Vijana waliokuja na mzani wa kuning'iniza waliomba watoto wavuliwe nguo. Akina mama wakaguna. Nelius ndiye aliyesema, "Waacheni na nguo zao, Julai ni baridi."

Kithaka, mtoto wa Mukami, alining'inizwa akiwa na sweta mbili na koti la dada yake. Mzee Mbaka akatikisa kichwa. "Huyu si mtoto," akasema, "huyu ni gunia la mbaazi." Mukami alicheka hadi akajishika kiuno.

Sasa Nelius alikuwa amesimama mbele ya orodha, na bado alikisikia kile kicheko cha Mukami.

Mchana ule somo lilikuwa la michezo ya watoto, na mfundishaji alikuwa Bi Makandi, aliyesimamia utafiti wote. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Kiirua kule Meru, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie.

"Mtoto mwenye njaa haanzi kwa kuacha kulia," alisema. "Huanza kwa kuacha kucheza. Mwili wake unabana nguvu kidogo iliyobaki. Haulizi, hakimbii, hagombani. Na mwalimu asiyejua hufurahi, akaandika kwamba mtoto amekuwa mtulivu."

Nelius akafungua daftari lake chini ya dawati. Kila mwalimu wa kozi alitakiwa kumtazama mtoto mmoja mwaka mzima na kuandika alichoona, bila kuongeza wala kupunguza. Yeye alimchagua Kithaka, wa miaka minne, kwa sababu ndiye aliyemsumbua kuliko wote. Akasoma maandishi yake mwenyewe.

*Februari. Amejenga boma la mawe. Magunzi ndiyo mbuzi. Amemfukuza Njoki akisema yeye ni fisi.*

*Mei. Ameniuliza kwa nini kivuli hakina macho.*

*Juni. Anakaa karibu na ukuta. Hasumbui wenzake.*

*Julai, wiki ya kwanza. Leo amecheza sana, hata amemuuma Njoki. Nimemwadhibu.*

*Julai, mwishoni. Ametulia. Nidhamu imerudi.*

Sentensi hiyo ya mwisho alikuwa ameipigia mstari, kwa sababu siku ile ilimfurahisha. Wiki ya kwanza ya Julai ndiyo ile ya mbegu na beberu. Mtoto alishiba siku chache akarudi kuwa fisi, na mwalimu wake akamchapa.

Somo lilipokwisha Nelius alimfuata Bi Makandi hadi mlangoni pa ofisi.

"Mwalimu, zile kilo za Kathitu si za kweli."

"Mzani ulikuwa mbovu?"

"Mzani ulikuwa mzima. Sisi ndio tuliokuwa wabovu." Akamweleza yote, mbegu, sweta, maneno yake mwenyewe kuhusu baridi.

Bi Makandi alimsikiliza akiwa ameegemea mlango. "Hata kwetu Kiirua tungefanya vivyo hivyo," akasema. "Mama yangu angeniazimia hata meno. Lakini siwezi kufuta namba kwa sababu mwalimu amekuja kuniambia ifutwe. Kesho watakuja wengine saba na maneno hayo hayo, na unga uliopo ni wa shule nane."

"Nipe basi wa mtoto mmoja."

"Na yule aliyekaa karibu naye?"

Nelius akalikunja daftari lake.

"Katikati ya Oktoba tunapima tena," Bi Makandi akaendelea. "Nimeomba kwamba shule itakayoshuka chini ya themanini iingizwe kwenye uji, na nimekubaliwa. Waje kama walivyo, Nelius. Kama walivyo kabisa."

"Oktoba ni mbali, Mwalimu."

"Najua ni mbali."

Shule zilipofunguliwa Septemba, Nelius alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama habari hiyo. Wengine waliitika kwa kichwa, wengine walimwangalia tu. Alimkuta Mukami nje ya nyumba akichambua mboga za mwituni. Kithaka alikuwa amelala kivulini juu ya gunia, macho wazi.

"Mama Kithaka, mwezi ujao wale wageni wanarudi. Safari hii mlete mtoto bila mafuta na bila sweta. Kama alivyo."

Mukami aliendelea kuchambua. "Mwezi wa saba uliniambia nisikuaibishe. Leo unaniambia nijiaibishe. Sasa Mwalimu, ni siku ipi kati ya hizo mbili ulikuwa unafundisha?"

"Nilikosea."

"Umekosea wewe, lakini mbegu zilizosagwa ni zangu. Mvua ikija nitapanda sweta?"

Nelius akachuchumaa karibu na gunia. Miguu ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba, ngozi inang'aa kana kwamba bado ina yale mafuta ya Julai. "Kithaka," akamwita, "yule fisi wako yuko wapi?"

Mtoto alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. "Amechoka," akasema.

Tangu siku hiyo Nelius aligawa chakula chake mara mbili, na kila jioni akapeleka nusu kwa Mukami, kunde za kuchemsha ndani ya bakuli lenye kifuniko. Mukami alipokea bila kumshukuru, na Nelius aliona heri iwe hivyo. Mtoto alilamba mara mbili, tatu, akageuza uso. Wiki ya tatu ya Septemba wakambeba hadi zahanati ya Kiritiri, wakipokezana mgongo. Muuguzi akamvua nguo, akampima, akaandika kwenye kadi, akawapa maziwa ya unga na kuwaambia mtoto huyu ni wa hospitali ya Embu, wasubiri gari. Walisubiri siku mbili. Gari halikuja, wakarudi nyumbani. Siku ya tano tangu apimwe, Jumapili, watu wakitoka kanisani, walimkuta Mukami amekaa mlangoni na mtoto mapajani. Njiru, baba yake, alikuwa kwenye tanuri za makaa ng'ambo ya mto. Alifika udongo wa kaburi umeshasawazishwa.

Wiki hiyo Nelius hakuandika chochote daftarini.

Katikati ya Oktoba gari la kituo lilikuja, Bi Makandi akiwa ndani. Safari hii hakuna aliyechinja kitu, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchinja, na hakuna aliyeguna watoto walipoambiwa wavue. Akina mama waliwavua wenyewe, wakaangalia pembeni. Waliona haya kuangaliana. Mbavu zilihesabika kutoka mlangoni. Mzee Mbaka, aliyezoea kuwa na neno kwa kila mtoto, alikwenda kusimama nyuma ya darasa.

Elphas, msaidizi wa Bi Makandi, alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, akajumlisha na kugawanya. Akarudia. Kisha akamgeuzia bosi wake karatasi.

"Themanini nukta nne," akasema.

Nelius akasogea karibu. "Haiwezekani. Umewaona kwa macho yako."

"Nimewaona, Mwalimu. Lakini kuna hawa wa mwenye duka, na wale wenye ndugu Runyenjes wanaoletewa viazi. Wanavuta wastani juu." Akapitisha kalamu kwenye orodha. "Julai walikuwa thelathini. Leo ni ishirini na tisa. Namba kumi na saba amehama?"

"Amekufa."

Kalamu ilisimama. "Pole sana, Mwalimu." Akaigeuza fomu. "Fomu ina alama moja tu, ya mtoto asiyekuwepo. Nitamwekea mstari."

Akapiga mstari. Ulikuwa mstari mfupi, ulionyooka, na Nelius aliutazama akikumbuka ubao wa Embu, jinsi Bi Makandi alivyowafundisha kutafuta wastani kwa mahindi: hawa wana punje nyingi, huyu ana chache, changanya, gawanya. Ukimwondoa mwenye punje chache, waliobaki wanatajirika bila kuongezewa hata moja.

"Umeona ulichofanya?" akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na ilimshangaza mwenyewe. "Umemtoa aliyekuwa mwepesi kuliko wote, na shule ikawa nzito. Wakifa wengine watano kabla ya Desemba, Kathitu itakuwa na watoto wenye afya kuliko shule zote kumi na sita."

Elphas akamwangalia Bi Makandi. Bi Makandi alikuwa amefumba macho.

"Hatuna kilo zake za mwisho," Bi Makandi akasema. "Siwezi kuweka namba ya kukisia. Hilo siwezi, hata kwa huyu."

"Zipo. Alipimwa Kiritiri siku tano kabla hajafa. Kuna kadi."

"Iko wapi?"

Nelius alikuwa ameshatoka.

Alimkuta Mukami akifagia uwanja uliokuwa safi tayari. Vitu vya Kithaka havikuwapo tena. Nguo na lile gunia mkwe wa Mukami alivipeleka porini siku ile ile ya mazishi, kama wazee walivyofanya, ili kifo kisirudi kutafuta chake. Aliidai na kadi pia, Mukami akamwambia imepotea Kiritiri. Nelius alikuwapo, na alimwona Mukami akitazama paa la nyasi aliposema hivyo.

"Mama Kithaka, nahitaji ile kadi."

"Ilipotea."

"Najua iliko."

Mukami akasimamisha ufagio. "Hata hiyo?" akauliza. "Hata hiyo mnaitaka?"

Nelius alimweleza. Alieleza vibaya, akirudia, akichanganya mahindi na kilo, kwa Kimbeere kisichokuwa na neno la wastani. Kwamba wenzake ishirini na tisa wamepimwa na wamekosa uji kwa kitu kidogo kama ukucha. Kwamba Kithaka akihesabiwa nao, watapata.

"Kwa hiyo ni yeye atakayewalisha," Mukami akasema.

"Ndiyo."

"Na yeye hakulishwa."

"Hakulishwa."

"Kwa ajili ya sweta mbili nilizomvika."

"Kwa ajili ya neno langu," Nelius akasema. "Wewe ulivika, mimi nilikwambia uvike."

Mukami hakumbishia, wala hakumfariji. Aliegemeza ufagio ukutani. Kuku aliyekonda akapita katikati yao. Kisha Mukami akaingia ndani, na Nelius akasikia nyasi za paa zikichakarishwa. Alipotoka alikuwa amejifunga leso safi, na kadi iko ndani ya kiganja chake.

"Nitaipeleka mwenyewe," akasema. "Mara ya kwanza nilimpeleka mimi."

Walipofika shuleni, akina mama wengine waliokuwa wakiwavisha watoto wao walimpisha Mukami. Mukami alimpa Elphas kadi kwa mikono miwili.

"Soma kwa sauti," akamwambia. "Mimi sikusoma."

Elphas akasafisha koo. "Kithaka Njiru. Miaka minne na mwezi mmoja. Kilo tisa na nusu."

"Na sweta?"

"Bila nguo, mama. Imeandikwa hapa, bila nguo."

Mukami akaitikia kwa kichwa.

"Mwingize," Bi Makandi akasema.

"Mwalimu, fomu inasema—"

"Mwingize namba kumi na saba, na chini uandike tarehe ya kadi na tarehe aliyokufa. Nikiulizwa nitajibu mimi."

Elphas akafuta mstari wake, akaandika, akajumlisha, akagawanya kwa thelathini. Mtoto mmoja akakohoa. "Sabini na tisa nukta sita," akasema.

"Ni kusema nini?" Mukami alimuuliza Nelius.

"Ni kusema tumeshuka. Watapata."

Mukami alinyoosha mkono akarudishiwa kadi yake, akaikunja mara moja, akaenda zake.

Lori la unga lilikuja wiki ya pili ya Novemba. Mvua iliyoaga Machi ilikuwa imekuja sasa kwa hasira, na kijito kinachokatiza barabara ya Kathitu kilikuwa kimejaa maji mekundu. Dereva alishuka, akayapima kwa fimbo, akasema hapiti hata akiitwa na mkewe. Mzee Mbaka akatuma ujumbe, na akina mama wakateremka na kamba zao, zile za kubebea kuni, zenye ukanda mpana wa kuweka kwenye paji la uso. Walivuka maji yakiwa magotini, wakapakiwa magunia, wakavuka tena.

Nelius alikuwa nyuma ya lori akisaidia kuinua. Gunia la sita au la saba, mgongo uliogeuzwa mbele yake ulikuwa wa Mukami.

"Mama Kithaka," Mzee Mbaka akasema, "wewe pumzika. Wewe huna..." Akakatiza hapo, akaanza kutafuta kitu mfukoni.

"Sina mtoto shuleni," Mukami akasema. "Mgongo ninao. Pakieni."

Wakampakia. Alirekebisha ukanda kwenye paji la uso, akainama, akaingia majini. Nelius akamfuata mikono mitupu, akiwa tayari kumshika akiteleza. Walivuka, wakaanza kupanda kilima kwenye tope.

Mukami alisema bila kugeuka, kwa kuwa mwenye ukanda kichwani hawezi kugeuka.

"Usitembee nyuma yangu kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, Mwalimu. Bado kuna magunia kule. Nenda ubebe lako."

Nelius akasimama kidogo kwenye tope. Kisha akageuka, akateremka kuelekea lori.